Dirisha la Juu

Ukitoka soko la Nkubu ukielekea mashambani, ukamuuliza mtu yeyote nyumba ya Mutugi iko wapi, hatakutajia rangi ya lango wala jina la barabara. Atakuambia tu, "Endelea mpaka uone nyumba yenye nywele." Na kweli utaiona. Ni nyumba ya mawe, imara, yenye paa bapa la zege ambalo kila mtu huliita slabu, na juu ya slabu hiyo zimesimama nondo, zimepinda kidogo na kushika kutu, zikingoja ghorofa. Zimengoja sana. Zilianza kungoja wakati Gedion, kifungua mimba wa Mutugi, alipokuwa akivaa kaptura ya shule, na sasa Gedion ana upara.

Mutugi mwenyewe hakuona ajabu yoyote. "Nyumba bado haijaisha," aliwaambia wageni, hata wale waliokuwa wakija pale kabla ya upara wa Gedion. Alikuwa amestaafu kazi ya kiwanda cha majani chai, akabaki na migomba, ng'ombe wake wa maziwa, na mpango. Katika vitu hivyo vyote, mpango ndio uliokuwa mkubwa. Juu kungekuwa na chumba cha Gedion upande wa Mlima Kenya, chumba cha Makandi binti yake pale katikati penye joto, na roshani ambapo yeye na mkewe wangekunywa chai huku wakiwatazama watu wa Nkubu kutoka juu. Hilo la roshani hakulitaja kanisani, lakini lilikuwemo.

Kila jioni, akishakamua, alipanda ngazi zilizojengwa ndani ya nyumba, akafungua mlango wa chuma uliokuwa mwisho wake, akatoka kwenye slabu na kutembea. Naam, alitembea kama mtu aliye ndani ya nyumba. Alifuata korido, akakata kona, akasukuma mlango ambao haukuwepo, akaingia. Hata siku moja hakupita katikati ya ukuta. Jioni moja rafiki yake Gatakaa, kinyozi wa pale sokoni, alimwita kutoka barabarani, na badala ya kuja moja kwa moja ukingoni, Mutugi akazunguka slabu karibu yote.

"Kwani umekanyaga nini huko?" Gatakaa aliuliza.

"Hapa kuna ukuta," Mutugi akajibu, bila kucheka.

Kisa hicho Gatakaa alimsimulia kila aliyekaa kwenye kiti chake, na kwa kuwa mtu anayenyolewa hawezi kuondoka, kilisikika mpaka mwisho.

Shida ni kwamba mpango wa juu ulikuwa umeharibu mambo ya chini. Mutugi aliichora nyumba yake mwenyewe, akasema chumba cha katikati, kile cha kulia chakula, hakihitaji dirisha kwa sababu mwanga utashuka kutoka ghorofani. Ghorofa haikuja, na mwanga nao haukuja. Mlango wa chuma ukiachwa wazi, ukungu uliteremka ngazi na kuketi mezani pamoja na watu. Ukifungwa, ilikuwa giza tupu mchana kweupe, na stima ya Nkubu ina tabia yake ya kupotea. Mchungaji mmoja mgeni alitembelea nyumba hiyo akasalimia koti lililotundikwa ukutani, akaliuliza na hali ya mazao.

Aliyeteseka kuliko wote ni Ruguru, mke wa Mutugi. Ruguru ni Mmbeere wa Siakago, kule chini Embu ambako jua halisubiri kualikwa. Aliolewa akaletwa mahali ambapo mwezi wa saba watu huuliza jua limeenda wapi kama wanavyouliza habari za jamaa aliyehamia mbali. Kila msimu ndugu zake walimpelekea gunia la ndengu, na ndengu za Mbeere ni tamu lakini huja na vijiwe. Zamani Ruguru alizichagua kwa haraka huku akiongea na watu. Siku hizi macho yalikuwa yamepungua. Alikaa nje na ungo wake, manyunyu yakamfukuza, akaingia chumba cha katikati, na huko vijiwe vikapita. Aliyevilipia ni Mutugi, kwa jino la nyuma.

Jambo lingine ulijue. Hawa wawili walizungumza Kiswahili nyumbani. Kimeru na Kimbeere ni lugha jirani, lakini ni majirani wa kugombania mpaka, na tangu wachumbiane kila mmoja alikataa kuhamia kwa mwenzake. Wakakutana kwenye Kiswahili, ambacho kila mmoja aliamini mwenzake hakijui.

Asubuhi moja ya baridi, wakinywa chai katika giza lao, Ruguru alikiweka kikombe chini.

"Baba Gedion, mimi nataka dirisha ya juu."

Mutugi aliacha kutafuna. "Dirisha ya nini?"

"Ya juu. Nimechoka kukaa kwa giza. Kama hutaki sema, lakini usianze kunieleza mambo ya mvua."

Mutugi aliyasikia maneno hayo akahisi mwili wote umepata joto. Huyu ndiye mwanamke aliyeiita ghorofa ugonjwa. Huyu ndiye aliyefunga kamba ya kuanikia nguo kwenye nondo zake, akatundika mashuka mahali pa roshani.

"Wewe, Mama Gedion? Wewe mwenyewe unataka dirisha ya juu?"

"Si nimesema na Kiswahili?"

"Na iwe wapi?"

"Katikati. Hapo tu kati."

"Kwa Makandi!"

"Makandi ndiye alinipea hiyo wazo. Alinionyesha picha kwa simu."

Mutugi akashindwa kujizuia, akatabasamu gizani mahali ambapo hakuna wa kumwona. "Iwe kubwa kiasi gani?"

"Kubwa. Nione jua."

"Jua utaliona mpaka ushangae. Siku ukungu ukitoka utaona mpaka kwenu Siakago."

Ruguru alicheka, akidhani ni mzaha. Akasema fundi atamleta yeye, Ndambiri wa Embu mjini, aliyemtengenezea dada yake dirisha kama hilo. "Wewe kazi yako ni kukubali."

"Nimekubali."

Alikubali upesi hivi kwamba Ruguru, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi wa kufika mpaka mavuno, alibaki na maneno mengi yasiyo na kazi. Akamwongezea sukari.

Kabla umande haujakauka Mutugi alikuwa kwa kinyozi.

"Gatakaa, anza kuzoea kuinua shingo. Mama Gedion ameomba dirisha ya juu. Na mdomo wake."

Gatakaa alizima mashine, akamwacha mteja na nusu ya kichwa. "Ruguru? Ameomba ghorofa?"

"Ameomba dirisha. Sasa wewe niambie, dirisha inashikwa na nini?"

"Na ukuta."

"Basi ameomba ukuta," Mutugi akasema, "na ukuta huwezi kuuacha kwa mvua bila paa. Hesabu imeisha."

Tangu siku hiyo mambo yalikwenda mbio, na kila moja lilieleweka vibaya kwa ustadi mkubwa. Jumapili, wakati wa shukrani, Mutugi alisimama na kumshukuru Mungu kwamba nyumba yake imefika hatua nyingine na kwamba moyo wa mke wake umelainika. Ruguru, kwenye benchi la akina mama, alifuta machozi. Shukrani zote hizi kwa ajili ya kidirisha! Hakujua kama alikuwa bado anapendwa hivyo.

Jumatatu trekta ilimwaga mawe langoni.

"Haya ni ya nini?" Ruguru aliuliza.

"Ya dirisha."

"Yote?"

"Hatutaki kazi ya kubahatisha."

Ruguru alikumbuka kwamba Ndambiri alimwambia kwa simu kuwa lazima pawe na kiukingo cha mawe kuzunguka dirisha, maji ya mvua yasiingie ndani. Aliyatazama mawe yale, ambayo yangetosha kuzungushia hospitali, akasema moyoni kwamba mwanaume huyu akipenda kitu hupitiliza. Kisha akamwona juu ya slabu akizisugua nondo kwa brashi ya waya, na kamba yake ya nguo imefunguliwa na kukunjwa vizuri. Anamtayarishia fundi nafasi, akafikiri. Siku hiyo akampikia kuku.

Mutugi akampigia Makandi simu. Makandi alifanya kazi ofisini Meru mjini na kuishi Kinoru, karibu na uwanja.

"Mama yako na mimi tumekubaliana. Tunaweka dirisha ya juu."

"Haki, Baba? Umekubali kweli?" Makandi alikuwa amemwambia mama yake asitie matumaini sana.

"Kwa nini nikatae? Si ni yako."

Makandi hakuelewa neno la mwisho, lakini baba yake alikuwa na mazoea ya kusema mambo kama hayo. Akaahidi kufika Jumamosi.

Jumamosi Ndambiri alishuka kwenye pikipiki akiwa na grainda ya kukatia zege, nyundo, na mdomo usiochoka. Ruguru alimkaribisha chai katika chumba cha katikati. Fundi akainua kikombe, akakosa mdomo, akajimwagia kifuani.

"Umeona shida yetu, fundi?"

"Mama, mimi sioni kitu."

"Basi umeiona."

Juu, Mutugi alikuwa akingoja amevaa koti la kanisa. Gatakaa alikuwa amefunga duka ili aje ashuhudie mwenyewe, maana kisa kama hiki kinahitaji mtu aliyekuwepo. Ndambiri alipanda, akachungulia huku na huku, akapima kwa utepe, akapiga hatua kuelekea katikati ya slabu.

"Fundi, umeingilia kwa ukuta," Mutugi akamwambia.

Ndambiri alisimama na mguu hewani. "Ukuta gani, mzee?"

"Huo umepita. Mlango uko huku."

Ndambiri akamtazama Gatakaa. "Zunguka tu, fundi," Gatakaa akasema kwa upole. "Sisi wote huzunguka."

Ndambiri hakuzunguka. Alipiga magoti, akatoa chaki, akachora mraba mkubwa sakafuni, katikati kabisa ya chumba cha Makandi. Kisha akasimama akajipangusa vumbi, akatangaza kwamba kabla hajakata atasimamisha nguzo za mbao huko chini, zege lisije likaangukia sahani za mama.

"Kukata nini?" Mutugi akauliza.

"Slabu."

"Ya nini?"

"Si tunaweka dirisha ya juu? Tunatoboa hapa, tunaweka ukingo, tunaweka kioo kinene, jua inaingia chini kwa mama." Fundi alimtazama mzee usoni, na kwa mara ya kwanza tangu afike aliongea polepole. "Mzee, nisikudanganye. Nikishakata hapa kati, hii slabu haitabeba ghorofa tena. Kama ulikuwa na mpango wa kujenga juu, niambie nirudishe vyombo yangu kwa begi."

Gatakaa alianza kucheka, akaona sura ya rafiki yake, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Kilikuwa kikohozi kibaya na hakuna aliyekiamini.

Mutugi aliteremka ngazi na koti lake la kanisa.

"Ulisema dirisha ya juu!"

"Na nimekataa?" Ruguru akaonyesha dari kwa kijiko. "Hiyo ni wapi?"

"Juu ni ghorofa! Mtu akisema anaishi juu, anaishi ghorofani. Nkubu yote inajua!"

"Juu ni juu, Baba Gedion. Ni pale jua hukaa. Lakini nyinyi watu wa ukungu mtajulia wapi?"

"Hiki Kiswahili chenu cha Siakago kitaniua."

"Na chako je? Ukinichumbia ulisema uko na ng'ombe mingi. Nikakuja nikapata moja, na ilikuwa ya jirani."

Hapo kwa kawaida wangecheka, kwa maana kisa cha ng'ombe kilikuwa kimewamalizia ugomvi mwingi. Mutugi hakucheka. Alivuta kiti akaketi gizani.

"Wakikata hapo, ghorofa imekwisha," akasema.

Ruguru ndipo akaelewa. Akaelewa mawe, na nondo zilizosuguliwa, na shukrani za kanisani, hata kuku aliyempikia bure. Akaketi karibu naye.

"Baba Gedion, nani atalala huko juu?"

"Gedion."

"Gedion amejenga Kiirua."

"Hiyo ni ya muda."

"Ya muda iko na tangi ya maji na mbwa wawili? Na Makandi ako na kwake Kinoru. Watoto walishakua. Wenye wamebaki kwa hii nyumba ni wewe na mimi, na mimi sioni." Akakiweka kijiko mezani. "Unafikiria ni kwa nini nakuambia unisomee Biblia kila jioni?"

Mutugi alifikiri ni kwa sababu ya sauti yake. Alikuwa amefikiri hivyo muda wote, na hata alikuwa ameanza kuipamba kidogo kwenye Zaburi. Iliuma. Liliuma la sauti, likauma na la watoto, na katika giza lile hakujua lipi lilimuuma zaidi. Alipanda tena ngazi.

Makandi alifika akamkuta mama yake amekaa na fundi na kinyozi, wote watatu wakinong'ona kama watu wa matanga. Walimweleza yaliyotokea. Hakungoja chai, akapanda.

Baba yake alikuwa amesimama katikati ya slabu, kando ya mraba wa chaki, mikono nyuma. Makandi hakumwendea moja kwa moja. Alifuata korido, akakata kona, akasimama.

"Hodi."

Mutugi aligeuka. Akamtazama alipokuwa amesimama, kisha akatazama miguu yake. Ilikuwa kizingitini kabisa.

"Umejuaje mlango uko hapo?"

"Baba, tumekuangalia tangu tukiwa wadogo. Mimi na Gedion tulikuwa tunajificha kwa ngazi. Tunajua milango yote. Ya Gedion hata huwa imekwama, unaisukuma na bega."

Mutugi alitaka kukasirika, lakini mlango wa Gedion ulikuwa umekwama kweli. "Ingia," akasema.

Makandi akaingia. Aliuliza kitanda kiko wapi, akaonyeshwa. Akauliza kabati, akaonyeshwa, nalo lilikuwa la kujengwa ukutani. Akasimama mahali pa dirisha na kutazama migomba na ukungu, kwa muda wa kutosha, kama mtu anayetaka kupangisha.

"Ni chumba kizuri sana," akasema. "Nikiwa msichana ningefunga mlango na hamngeniona tena."

"Na sasa?"

"Sasa niko na kwangu, Baba. Na niko sawa huko. Nilidhani unajua."

Mutugi alijua. Alikuwa anajua tangu siku aliyompelekea ndizi Kinoru akakuta ameweka mapazia, na alirudi nyumbani akiwa na huzuni ambayo hakumwambia mtu. Jioni hiyo alipanda juu akakaa chumbani mwa Makandi mpaka baridi ikamshusha. Kitu kigumu hakikuwa kujua. Kigumu kilikuwa kuacha kumtayarishia chumba mtu aliyempenda hivyo.

"Lakini chumba ni changu?" Makandi akauliza.

"Ni chako. Sijawahi kumpa mtu mwingine."

"Kabisa? Naweza kukifanyia kitu chochote nataka?"

"Mtu akipewa amepewa."

"Basi mimi nimempa Mama."

Alimtazama huyu binti aliyemlea mwenyewe, akamtilia mashaka. "Chote?"

"Chote. Na sakafu yake."

"Na cha Gedion?"

"Cha Gedion sijagusa. Hicho muulizane na Gedion."

Mzee alibaki akipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. Mwishowe akaenda kwenye mlango wa chuma, akaita kwa sauti ile ile ya Zaburi.

"Fundi! Njoo ukate. Lakini ingia kwa mlango."

Ndambiri alipanda na grainda yake. Alifika mahali penye ukuta, akasita, akazunguka. Alifuata korido, akakata kona, akaingia kizingitini akiinamisha kichwa kidogo kama fundi yeyote anayeingia chumba cha watu. Nyuma yake Gatakaa, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuingia, alivua kofia.

Kazi ilichukua siku kadhaa, na siku hizo Nkubu ilisikia grainda kuliko ilivyosikia kengele ya kanisa. Vumbi liliingia kwenye unga, kwenye chai na kwenye masikio ya ng'ombe. Ndambiri alikata zege, akakata na nondo za ndani, akateremsha vipande kimoja kimoja kati ya nguzo zake za mbao. Kisha akainua ukingo kuzunguka lile shimo, kwa yale mawe ya langoni, akachukua machache sana. Mengine yapo mpaka leo, na kuku wanayapenda.

Gatakaa alikuja kuukagua ukingo, uliomfika magotini. "Ghorofa yako imeota," akamwambia Mutugi, "lakini imeota fupi."

"Ukuta ni ukuta," Mutugi akajibu, na akauzunguka mara mbili.

Siku kioo kilipowekwa na nguzo kuondolewa, jua la Nkubu, ambalo lilikuwa na hiari ya kutokuja, lilikuja. Liliingia chumba cha katikati na kuanguka juu ya meza. Ruguru alisimama mlangoni na ungo mkononi. Akaona utando wa buibui ambao ni lazima ulikuwa na wajukuu. Akaona koti lililosalimiwa na mchungaji. Akaona kuta.

"Kwani hizi kuta ni za kijani?"

"Wewe ndiye ulichagua rangi," Mutugi akasema.

"Nilichagua krimu!"

Kisha akamgeukia, akamtazama vizuri katika mwanga ule, kwa muda, uso wote. "Umezeeka, Baba Gedion."

"Na wewe umeanza kuona."

Ruguru akacheka mpaka ungo ukatikisika. Halafu akakaa chini ya dirisha lake, akamwaga ndengu, akaanza kuchagua. Vijiwe vilionekana kila kimoja. Akaviweka kando kwenye sahani, akamwita mumewe aje aone alichokuwa anatafuna miaka yote hiyo.

Jioni, akishakamua, Mutugi alipanda ngazi. Akaichukua ile kamba ya nguo iliyokunjwa, akaifunga tena kwenye nondo, akaivuta kuona kama imekaza. Alipomaliza hakujua afanye nini. Miguu ikamfanyia uamuzi. Alifuata korido, akakata kona, akausukuma mlango wa chumba kilichokuwa cha Makandi na sasa ni cha Ruguru, na ndani akakuta dirisha. Baada ya miaka yote ile ya kuelekeza kidole hewani, akakuta dirisha la kweli, lenye fremu na kioo, huku juu kwake.

Akapiga magoti kwenye ukingo, akaegemea viwiko, akachungulia. Chini yake kulikuwa na meza, na ungo, na kitambaa cha kichwa cha Ruguru kikiinama na kuinuka juu ya ndengu. Alimtazama. Hakuwahi kumwona kutoka hapo, na alihisi kwamba angeweza kukaa hivyo mpaka giza liingie. Akagonga kioo kwa ukucha.

Ruguru akainua uso. "Unafanya nini huko?"

"Niko kwa dirisha ya juu," Mutugi akamwambia kwa sauti, ili kioo kipitishe. "Naangalia watu."

"Basi toka hapo. Unaniziba jua."

Mutugi akasogea, lakini kidogo tu.